Ukurasa wa Ramsés

Juni 24

Leo ni siku ya Mtakatifu Yohana, siku ambayo watu wa mji wetu wa Navojoa hutazama juu wakidai mvua kana kwamba mbingu imekula haki yao. Haikunyesha. Joto limezidi mpaka mbwa wa jirani kajilaza ndani ya beseni la kufulia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa.

Jana tulimzika Ramsés, mwana wa Doña Eduwiges. Kundi letu ndilo lililompata mwezi Machi, nyuma ya mifereji ya mashamba ya ngano. Tunaitwa Nondo za Mayo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yetu: tunawatafuta waliopotea, tunachoma nondo ardhini kando ya mto Mayo, tunaichomoa, tunanusa ncha kama imegusa maiti. Maabara ilichukua muda wake, ikathibitisha, tukakabidhiwa sanduku.

Mimi ndiye mwenye kutunza tovuti ya kundi, kwa kuwa nafundisha kompyuta sekondari na kila mtu anaamini kompyuta zote ni ndugu. Asubuhi nimefungua ukurasa wa Ramsés nikampiga muhuri mwekundu juu ya picha yake: AMEPATIKANA. Kisha nikalia, wala si kwa ajili yake peke yake. Kaka yangu Eleazar naye ana ukurasa humo, na picha yake haina muhuri.

Julai 2

Jua. Shule zimefungwa. Pitaya zimeanza kuuzwa kando ya barabara, nimekula mpaka midomo imekuwa myekundu.

Julai 5

Doña Eduwiges amenipigia.

"Nidia mwanangu, wamepiga tena."

Wanaopiga ni wale wanaookota namba za simu kwenye kurasa za waliopotea, kisha wanajidai wanaye mtoto na wanataka kutumiwa pesa. Kila mama kundini anawajua. Huyu wamemwandama miaka minne.

"Si uwaambie umeshamzika?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Eti nimezika mifupa ya mtu mwingine. Wakamleta kwenye simu, analia, ananiita mama."

"Huyo si Ramsés, Doña Eduwiges."

"Najua," akasema, lakini alikawia kabla ya kusema.

Baada ya hapo nikafanya ambacho wale wahuni hufanya: nikaandika jina la Ramsés kwenye mtambo wa kutafuta. Cha kwanza kutokea ni ukurasa wetu, na chini ya jina maneno haya: "Anatafutwa na mama yake. Mwanangu, nakusubiri, mlango sijaufunga. Mwenye habari apige," halafu namba. Ramsés yuko kaburini Etchojoa, na huku duniani bado anatafutwa.

Julai 6

Nimepeleka ombi mtambo uje kuusoma upya ukurasa wa Ramsés. Kuna mahali pa kubonyeza, kisha mtu anasubiri. Hakuna wa kumpigia simu, hakuna ofisi ya kwenda kuketi mlangoni na chupa ya maji kama tulivyozoea kufanya kwingine.

Julai 9

Bado.

Julai 13

Mvua ya kwanza, na kubwa. Vumbi limetulia, mbu wameamka. Mtambo unaonyesha maneno yaleyale ya zamani. Doña Eduwiges amepigiwa tena, Jumatatu na Jumatano. Nimepeleka ombi jingine, na hasira zimeanza kunipanda.

Julai 17

Leo nimejua kosa liko wapi, na ni letu wenyewe.

Nilikuwa nimeamini kwamba mtambo haujaja. Kumbe umekuja kila nilipouita. Kumbukumbu za tovuti zinaonyesha wazi: uliingia, ukasoma, ukaondoka. Ulikuta maneno ni yaleyale, basi ukaacha mambo yalivyokuwa. Muhuri wetu mwekundu ni picha juu ya picha. Mtu akiuona anavua kofia. Mtambo unasoma maneno, na maneno chini ya picha yanasema kijana anatafutwa, mama anasubiri, piga namba hii.

Nikakaa nikatazama kurasa nyingine. Wote tuliowapata tumewapiga muhuri namna hiyohiyo. Wote tuliowatoa ardhini kwa mikono yetu, kule ndani ya mtambo hatujamtoa hata mmoja.

Jioni nilikwenda kwa Doña Librada Yocupicio, mwanzilishi na kiongozi wetu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilimkuta anapindua tortilla kikaangoni kwa vidole vitupu.

"Kwa hiyo mtambo wako ni kipofu," akasema.

"Kwa picha zetu, ndiyo."

"Na wewe mwalimu mzima ndo unajua leo."

"Ndo najua leo, Doña."

"Haya, kula kwanza. Aibu haishibishi."

Nikamwambia nataka kubadilisha maneno ya kurasa zote za waliopatikana, usiku huuhuu. Akaweka tortilla chini.

"Hapo umepotea. Maneno ya mama hayaguswi."

Ndiyo sheria yetu, na aliyeitunga ni yeye. Kila mama aliketi kando yangu akasema maneno ya ukurasa wake, nami nikaandika kama alivyosema, pamoja na makosa. Maofisini walikuwa wamewageuzia kila kitu. Mtu alisema "kitinda mimba wangu", ikaandikwa "mhusika wa kiume". Doña Librada aliapa kwamba kwetu hilo halitatokea.

"Basi wataendelea kumpigia Doña Eduwiges," nikasema.

"Nenda kamwambie aseme maneno mapya. Ni yake. Akiyasema yeye, utaandika."

Julai 20

Etchojoa. Doña Eduwiges alikuwa amepika supu iitwayo wakabaki, ya mifupa ya ng'ombe na mahindi, sufuria ya kulisha harusi, na yeye anaishi peke yake. Nikamweleza habari za mtambo polepole. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu.

"Kwa hiyo nikisema ameshazikwa, watakoma."

"Taratibu watakoma. Na namba tutaiondoa."

"Namba iache."

"Namba ndiyo mzizi wa fitina, Doña."

"Namba iache, mwanangu. Na maneno yaache kwanza. Ongeza supu."

Nimerudi nyumbani nimekasirika, na naandika nikiwa bado nimekasirika. Tumemchimba mwanawe kwa koleo, tumemwosha udongo, padri amesoma misa, na yeye anataka kuendelea kudanganywa na wezi. Kuna watu wanaupenda msiba wao mpaka wanautandikia kitanda.

Julai 28

Radi imepiga transfoma. Hatuna umeme tangu jana.

Agosti 1

Umeme umerudi. Nimewaita akina mama wengine ambao watoto wao wamepatikana, waje waseme upya. Wamekuja watatu leo, wakiwa wameloa. Doña Crisanta alikaa mbele ya skrini muda mrefu, kisha akasema maneno mawili tu: "Ameshafika." Nikamuuliza kama kuna la kuongeza. Akasema la, hayo yanatosha, na mtambo ukitaka zaidi uje umuulize yeye.

Niliyoyaandika kuhusu kitanda cha msiba sitayafuta, ila leo nayaonea haya.

Agosti 4

Nimejaribiwa. Niliufungua ukurasa wa Ramsés nikaichagua namba ya simu, tayari kuifuta. Nani angejua? Nikaacha. Doña Librada angenichoma nondo mimi.

Kurasa za Doña Crisanta na wenzake mtambo umeshazisoma. Ukitafuta majina yao sasa yanatokea yaliyo kweli. Imebaki ya Ramsés.

Agosti 11

Naandika kabla sijavua nguo zilizolowa.

Asubuhi jirani wa Doña Eduwiges alinipigia: mama ameondoka na begi, amevaa viatu vya kanisani, amesema anakwenda kukutana na watu njia panda, kwenye kituo cha mafuta cha zamani. Sikuuliza ni watu gani. Nikampigia Doña Librada, akaja na gari lake la mizigo, nondo zikigongana nyuma, tukatoka mjini mbio.

"Ameuza nini?" akauliza.

"Sijui. Labda mashine ya kushonea."

"Akipanda gari lao hatutampata. Tutakuwa tunamtafuta na yeye."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tulipofika kwenye korongo la mwisho tukakuta maji yamejaa, ya rangi ya kahawa ya maziwa, yanabeba matawi ya mesquite. Hakuna gari lililokuwa limepita, la kwetu wala la kwao. Upande wetu, chini ya kibanda cha kusubiria basi, alikuwa ameketi Doña Eduwiges, begi mapajani, sketi imelowa mpaka magotini. Alikuwa amejaribu kuvuka kwa miguu.

Doña Librada alishuka akaacha mlango wazi. Nilidhani atafoka. Akaketi kando yake, akavua shali akamfunika miguu.

"Kuna nini humo ndani, Eduwiges?"

"Fungua."

Hapakuwa na pesa hata senti. Palikuwa na suruali mbili zilizopigwa pasi, shati, soksi, tortilla za ngano zimefungwa kwenye kitambaa, na kopo la maharage.

"Nguo za Ramsés," nikasema. "Doña Eduwiges, kwa uchungu wote ulionao, yule si Ramsés."

Akanitazama kwa subira, kama mimi nimtazamavyo mtoto asiyejua kuwasha kompyuta.

"Nidia, mimi Ramsés nimemwosha. Unadhani sijui nilichokiosha?"

"Sasa hizi?"

"Za huyu anayelia kwenye simu. Miaka minne ni sauti zinabadilika. Mwanzo alikuwa mwingine, halafu mwingine. Huyu amekuja mwaka jana. Wale wengine walikuwa wanaigiza, unasikia kabisa mtu anaigiza. Huyu halii hivyo. Huyu akianza, wanampiga anyamaze, na hanyamazi."

Maji yalikuwa yakinguruma.

"Wana mtoto wa mtu pale," akasema. "Nikiiondoa namba, nani atamsikia?"

"Au ni mwizi kama wao," Doña Librada akasema, bila ukali.

"Mwizi naye ana mama."

Nilisimama pale kwenye mvua nikaona haya mpaka masikioni. Tangu Julai nilikuwa namhurumia kama mtu asiyejua, na yeye ndiye pekee kati yetu aliyekuwa akisikiliza.

Doña Librada akachukua tortilla moja, akaikata vipande vitatu, akatugawia. "Nguo zitangoja," akasema. "Wewe huvuki. Ukivuka, wao watakuwa na wawili na sisi hatuna hata mmoja. Twende ukaseme maneno yako."

Agosti 12

Ameketi kando yangu leo, amevaa vilevile viatu vya kanisani, na hivi ndivyo alivyosema:

"Ramsés mwanangu amepatikana. Nimemzika Etchojoa, karibu na bibi yake. Simtafuti tena. Simu yangu sijaifunga. Mtoto wa mwenzangu akitaka kupiga, nitapokea, wala sitamuuliza alilolifanya."

Aliposema "simtafuti tena" alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama tupumzike. Akasema niandike kabla hajabadilisha.

Nimeandika kwa maneno, si kwa muhuri. Nimebadilisha kichwa cha ukurasa, nimeweka tarehe mpya, nimeuweka juu kwenye ramani ya tovuti, nimepeleka ombi. Namba imebaki.

Agosti 15

Bado.

Agosti 19

Bado. Mvua kila alasiri. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na sijaandaa somo hata moja.

Agosti 23

Umesoma! Nimeandika jina la Ramsés na chini yake imetokea: "Amepatikana. Nimemzika Etchojoa." Nilimpigia Doña Eduwiges nikamsomea. Akaniomba nisome tena, kisha akasema ana nguo kwenye kamba na mvua inakuja, akakata.

Nilidhani nitafurahi. Nimeketi tu, nimelitazama jina la Eleazar kwenye kisanduku cha kutafuta, na sikubonyeza.

Septemba 1

Hawampigii tena. Hata mara moja. Anasema simu imekuwa nzito mfukoni, na kwamba usiku anaamka kuitazama kama imezimika. Tulichokitaka tumekipata, na mama wa watu halali.

Septemba 9

Wamepiga. Hapana: amepiga.

Doña Eduwiges amenisimulia akiwa mlangoni kwangu, hakutaka hata kuketi. Namba ilikuwa ngeni. Hakulia. Alinong'ona, na nyuma yake kulikuwa na jenereta inanguruma.

"Akaniambia, bibi, nimeona uliyoandika. Nikamwambia, sikuulizi kitu, niambie jina lako tu. Lako la kweli, alilokupa mama yako. Akasema Abdiel. Abdiel Olmedo Quiñones, wa Jerez. Ikakatika."

"Una hakika umesikia vizuri?"

"Nimelirudia njia nzima kwenye basi. Dereva kanidhania nasali."

Nimelitafuta jina hilo hapohapo. Hakuna. Jerez iko Zacatecas, mbali na hapa, na huenda mama yake aliambiwa anyamaze kama wengi walivyoambiwa. Asiye na ukurasa, kwa mtambo hajawahi kuzaliwa.

Septemba 10

Tumebishana mchana kutwa kwenye meza ya Doña Librada.

"Ukiandika kwamba alipiga simu, unamchimbia kaburi," alisema. "Hao nao wanasoma."

"Na tusipoandika kitu, mama yake atajuaje?" nikauliza.

"Andika jina peke yake."

"Jina peke yake litasema nini?"

Doña Eduwiges muda wote alikuwa akichambua maharage. "Yeye hajapotea," akasema. "Yeye anajua alipo. Aliyempotea ni mama yake. Basi mtafuteni mama."

Ukurasa tuliouandika hauna picha. Unasema: "Anatafutwa mama wa Abdiel Olmedo Quiñones, wa Jerez, Zacatecas. Mama, piga namba hii. Atakayepokea ni mama mwenzako." Na namba ni ya Doña Eduwiges.

Nimepeleka ombi.

Septemba 13

Bado.

Septemba 16

Sikukuu ya uhuru. Fataki, magwaride, wanafunzi wangu wamevaa mashada ya karatasi. Bado.

Septemba 18

Mtambo haujaja kabisa, safari hii ni kweli, kumbukumbu zinathibitisha. Ukurasa mpya, hakuna anayeufahamu, hakuna kurasa za wengine zinazouelekea. Mtambo unaona hakuna haraka. Nimewaandikia akina mama wa kundi la Zacatecas, nikawaomba waweke kiungo cha ukurasa huu kwenye tovuti yao, mahali pa mbele. Wamenijibu ndani ya saa ileile. Hawakuuliza kwa nini.

Nimegundua kwamba kila asubuhi naandika majina mawili, la kaka yangu na la kijana huyu.

Septemba 22

Jina la Abdiel limetokea. La kwanza, juu kabisa. Doña Librada aliomba aone kwa macho yake, akavaa miwani, akaisoma skrini nzima mpaka saa ya pembeni. "Haya," akasema. "Sasa na huyo mama naye atafute."

Septemba 25

Kimya. Mvua zinapungua, mawingu yanakuja na kuondoka bila salamu.

Septemba 29

Leo Jumamosi tulitoka na nondo. Baada ya mvua ardhi hudidimia pale ilipowahi kuchimbwa, huu ndio wakati wake. Tulikuwa kwenye shamba lililoachwa, jua limeshachoma, Doña Librada mbele, mimi na Doña Eduwiges nyuma yake. Nilikuwa nimechoma nondo yangu mpaka nusu simu ya Doña Eduwiges ilipoita.

Aliitazama, akaniita kwa mkono, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Nani?" akauliza.

"Samahani kwa kukusumbua, bibi." Sauti ya mwanamke, ya mbali, ya mtu aliyejiandaa kutukanwa. "Naitwa Hermelinda. Huwa naandika jina la mwanangu kwenye simu. Kila siku nikishawasha jiko. Halitokei kitu. Leo limetokea."

"Jina lake nani, mama?"

"Abdiel. Abdiel Olmedo Quiñones."

Doña Librada alikuwa ameshafika, ameshika nondo yake kama fimbo ya kutembelea.

"Niambie ukweli, bibi," yule mwanamke akasema. "Mmempata wapi? Niko tayari. Nimeketi."

Ndipo nikaelewa alichokuwa anadhani. Alidhani tumemtoa ardhini. Kwetu sisi, mama akizungumza na Nondo za Mayo hutegemea habari ya namna moja tu.

"Hapana, mama, hapana," Doña Eduwiges akasema. "Hatujamchimba. Nimeongea naye."

"Lini?" Hermelinda akauliza.

"Mwezi huuhuu. Kwa simu hii. Alikuwa hai, Hermelinda. Alipo sipajui, wala sikudanganyi kwamba napajua. Ila siku ile alikuwa hai."

Tulimsikia akilia, na hakuna aliyemharakisha. Nilifurahi, na nilimwonea wivu mpaka kifua kikauma. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

"Alisema nini?" akauliza mwishowe. "Alisema chochote?"

"Alisema jina lake. Nilimwambia anitajie la kweli, alilopewa na mama yake. Akasema Abdiel. Akasema la baba yake. Halafu akasema la kwako, la kwako ndilo alilomalizia."

Hermelinda akamwomba alitaje tena, kama alivyolitaja yeye. Doña Eduwiges akaiweka nondo chini, akalitaja taratibu, lote, mpaka Quiñones.